Harusi Kwenye Mizani

Jumapili, tarehe 4 Agosti

Daftari jipya. Nimepewa na Dada. Anasema nimezidi kulalamika, kila siku mimi na dunia, dunia na mimi, sasa kila jioni nikae niandike mambo ya kushukuru. Nikamwambia mimi silalamiki, ila watu wananionea. Akanipa na kalamu.

Haya. Nashukuru.

Nashukuru kwamba mpwa wangu, binti pekee wa Dada, anaolewa Jumamosi hii. Nashukuru kwamba harusi itafanyika kwenye kile kiwanda cha zamani cha sabuni, ambacho siku hizi ni ukumbi, na ambako Dada alifunga sabuni kwa miaka ishirini na miwili mpaka siku kilipofungwa. Nashukuru kwamba nimepewa kazi. Kazi yenyewe: viti. Nisimamie viti! Mimi, mtu mwenye kamera yake!

Picha wamempa mtu baki. Binti mmoja mwenye kamera mbili, moja kila bega. Ameletwa na shangazi wa bwana harusi, mama asiyeachana na faili lake la bluu, hata chai anainywa faili likiwa kwapani. Namwita Shangazi Faili. Kimoyomoyo lakini.

Sasa niandike ukweli, maana hili daftari halisomwi na mtu. Kamera yangu ina kesi na Dada. Miaka thelathini na moja iliyopita Dada aliolewa na shemeji, aliyekuwa mtu wa boila, lile tangi la mvuke, kiwandani humo humo. Kiwanda kilikuwa na mtindo wake. Mfanyakazi akioa au akiolewa, wenzake wanawapandisha maharusi kwenye mizani kubwa ya mizigo, wanataja kilo kwa sauti, wanaziandika ukutani kwa rangi, na maharusi wanapewa mche mmoja wa sabuni kwa kila kilo kumi. Dada na shemeji walitoka mia na kumi na nane. Miche kumi na moja na kipande. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Na mpiga picha nilikuwa mimi, kijana wa miaka kumi na tisa, kamera mpya. Nilimaliza mkanda mzima, picha thelathini na sita. Halafu nikaingiwa na wasiwasi kidogo. Je, mkanda umeshika? Nikafungua mgongo wa kamera nione. Kidogo tu. Saa saba mchana, juani.

Mwanga ukaunguza mkanda wote, haikutoka hata moja.

Dada hakunisema hata neno. Shemeji alicheka, akasema tutapanda tena siku nyingine, mizani haina miguu. Siku nyingine haikufika. Mara zamu, mara mtoto, mara kiwanda kufungwa, na sasa shemeji ana miaka minane kaburini. Ukutani kwa Dada ipo picha yake moja tu, ile ya kitambulisho cha kazi, amekunja uso kama mtu aliyekanyagwa kidole. Picha ya Dada na mizani haipo.

Itakuwepo. Jumamosi nitampiga Dada juu ya mizani ile ile, kwa kamera ile ile, kwa mikono hii hii. Liwe liwalo.


Jumatatu, tarehe 5 Agosti

Nimekwenda kukagua ukumbi. Nilihesabu viti kwa heshima zote, mia na ishirini, halafu nikaenda kutafuta mizani.

Ipo! Mwisho kabisa wa ukumbi, chini ya madirisha marefu. Sahani yake ya chuma pana kama kitanda cha watu wawili, uso wake kama saa ya stesheni. Wameipiga rangi nyeusi na kuitundikia kibao USIGUSE. Ukuta wa nyuma hawakuupaka, wanasema wageni wanapenda vitu vya kale. Mistari kwa mistari ya kilo. Nikatafuta kwa kidole. Mstari wa nne kutoka chini, rangi ya kijani: UFUNGASHAJI + BOILA, 118. Nikajifanya nahesabu viti tena.

Habari mbaya ni mbili. Ya kwanza nimepewa na mlinzi, mzee mmoja mwenye shada la funguo kiunoni, wote wanamwita Mzee Funguo. Amesema mizani inang'olewa Jumatatu ijayo, mwenye ukumbi anataka nafasi ya wanamuziki. Kwa hiyo ni Jumamosi au basi tena. Ya pili nimepewa na Shangazi Faili, aliyezuka nyuma yangu kama mkaguzi wa tiketi. Mahali hapo pamepangwa. Keki itakaa juu ya mizani. Nikamweleza kwa upole kwamba mizani hiyo ina historia, ni ya watu. Akasema ukurasa wa tisa. Nikamwambia dada yangu mwenyewe alipimwa pale. Akafungua faili akanionyesha ukurasa wa tisa. Kweli imo, tena imechorwa, hadi maua.

Nikajaribu sahani kwa mguu mmoja wakati hawaoni. Mshale haukusogea. Nikapanda miguu yote miwili. Sifuri. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa sina uzito, na sikufurahi.

La kushukuru leo: viti vimetimia.


Jumanne, tarehe 6 Agosti

Mpango! Nilioga nao, nikanywa nao chai, ukakomaa.

Mlinzi hawezi kumkatalia mtu wa serikali. Basi nikavaa koti jeusi, nikachukua ubao wa kuandikia, chupa ndogo ya mafuta ya cherehani mfukoni, na tochi. Nikafika saa nne kamili, uso mkavu. Nikasema mimi ni mkaguzi wa vipimo, nimekuja kukagua mizani kabla haijaondolewa, ni amri.

Mzee Funguo alinitazama. Akasema karibu sana mkaguzi. Akanipa kitabu cha wageni nikaandika "Mkaguzi Mkuu", nikatia na sahihi yenye mikia. Akakisoma kwa makini. Akauliza kama wakaguzi wakuu siku hizi wanahesabu na viti, maana jana alimwona mmoja anafanana sana na mimi. Nikasema tuko wengi. Akasema naona. Kisha akaniuliza dada yangu hajambo.

Loo! Kumbe mzee huyu alikuwa kwenye boila pamoja na shemeji! Zamu moja miaka kumi na minne. Kumbe siku ile ndiye aliyepaka namba ukutani kwa brashi, na ananikumbuka vizuri, kijana wa kamera aliyepanda juu ya pipa akaanguka na pipa. (Hilo la pipa nilikuwa nimelisahau. Ningependa kuendelea kulisahau.)

Nikamwambia yote. Akaenda akarudi na spana, akavua kibao cha USIGUSE akakitundika kwenye bega langu, akapiga magoti pale kwenye mizani kwa zaidi ya saa nzima. Akatoa kutu, akatoa kiota cha panya, akatoa kipande cha sabuni kilichokuwa kigumu kama jiwe. Mimi nilishika tochi. Mwisho akaniambia nipande. Mshale ukatetemeka, ukapanda, ukasimama. Themanini na tisa! Sijawahi kufurahia kilo zangu kiasi hicho.

Namshukuru Mzee Funguo. Ila mafuta ya cherehani yalikuwa yangu, iandikwe.


Jumatano, tarehe 7 Agosti

Binti Kamera amekuja ukumbini na maharusi kupima mwanga. Kupima mwanga! Mwanga unaonekana kwa macho, si upo au haupo?

Ana heshima, sikatai. Ameniita Mjomba, akaniuliza maharusi waingilie wapi. Hapo nikaona mwanya. Binti huyu akiwa amesimama mbele Jumamosi, picha zangu zote zitakuwa na mgongo wake. Ni lazima awekwe mbali. Nikamwambia kwamba, kwa uzoefu wangu, mahali pazuri kupita yote ni kule nyuma, mlango wa kupakilia mizigo. Kule kuna nini? Giza, minyororo, ukuta umebanduka rangi, pipa bovu. Nikamwelekeza hadi nikamshika mkono.

Akaenda na maharusi. Nikasubiri nicheke.

Walirudi baada ya nusu saa. Mpwa wangu ananikumbatia! Shangazi Faili anachungulia kioo cha kamera, faili limefunguka kwapani na yeye hana habari! Ikabidi na mimi nichungulie. Jamani. Mlango ule una nyufa juu, na jua la alasiri lilikuwa linashuka kama mistari ya daftari, mpwa wangu katikati yake na gauni lake la kujaribia, bwana harusi anamwangalia kama mtu aliyesahau jina lake. Picha nzuri. Nimeandika. Nzuri.

Binti akanishukuru mbele ya watu, akasema kweli Mjomba ana jicho. Nikasema ni uzoefu. Sikuwa na la kufanya zaidi ya kulipokea.

Jambo moja la ajabu. Jioni nilimwona Dada kasimama na yule binti pembeni, karibu na matangi ya kuchemshia sabuni, wananong'ona, Dada anatikisa kidole, binti anaitikia. Bila shaka Dada anamkanya asinizibe. Dada huyu! Damu nzito kuliko vyote. Nashukuru kuzaliwa nyuma yake.


Alhamisi, tarehe 8 Agosti

Nimenunua mkanda. Muuza duka aliutoa nyuma ya betri na kufuli, akauliza kama ni wa maonyesho. Studio moja tu mjini bado inasafisha picha za namna hii. Nikasema nipe, na vumbi lake.

Nikampelekea Dada kamera nimwonyeshe. Nilidhani atafurahi. Aliishika kwa mikono miwili muda mrefu. Akapitisha kidole gumba pale kwenye kile kipini cha kufungulia mgongo. Akasema hii kumbe bado ipo. Nikamwambia ipo, na Jumamosi nitarekebisha mambo. Akasema hakuna cha kurekebisha, mdogo wangu, mimi siku ile niliiona kwa macho yangu, nilikuwemo. Nikasema lakini ukutani je? Akaangalia ile picha ya kitambulisho. Akasema kweli, ukutani angependa.

Basi machozi yakanitoka, nikasingizia kitunguu, na hapakuwa na kitunguu.

Dada ndiye aliyenilea. Mama alipofariki nilikuwa na miaka saba, yeye kumi na saba. Ndiye aliyeninunulia kamera yenyewe, kwa mshahara wake wa ufungashaji, kwa sababu nilisema nataka kuwa mpiga picha. Sikuwahi kuliandika hili mahali popote. Sasa nimeliandika.

Alipokuwa ananisindikiza mlangoni aliniomba kitu kimoja. Nikimaliza kupiga, nisifungue kamera. Nikaapa. Nikaapa kwa mkono juu ya daftari hili hili, alilonipa mwenyewe.


Ijumaa, tarehe 9 Agosti

Sakafu. Hakuna aliyeniambia mapema kuhusu sakafu.

Leo tumepanga viti na nimegundua kwamba sakafu ya ukumbi imefifia. Kijivu. Vumbi jeupe limeganda ambalo haliishi hata ukifagia mara tatu. Shangazi Faili amefika, akainama, akaburura kidole chini, akanionyesha kidole. Kidole kile kimeniuma kuliko tusi.

Nikatafakari kama mpiga picha. Madirisha marefu, jua la saa nne, sakafu inayong'aa kama kioo: mtu anaonekana mara mbili, juu na chini! Hata Binti Kamera hajawaza hilo. Nikamwomba Mzee Funguo mpira wa maji. Akakataa. Akasema sakafu hii hufagiwa, haioshwi, haijaoshwa tangu kiwanda kifungwe na isioshwe. Nikauliza sababu. Akasema sabuni. Nikamwambia hasa, mahali pa sabuni panatakiwa pawe safi kuliko kwingine kote. Akanitazama kama alivyomtazama mkaguzi mkuu. Nadhani ni umri, anakwepa kazi.

Kesho saa moja asubuhi anakwenda kuchukua maua sokoni. Najua bomba liko wapi.

Mpishi ameleta masufuria yake na magunia, kajaza chumba cha zamani cha wahasibu. Amenionjesha mchuzi. Nashukuru kwa mchuzi, uliniweka sawa.


Jumamosi, tarehe 10 Agosti

Nianzie wapi.

Saa moja na robo niliosha. Sakafu ilikunywa maji kama ngamia, kisha ikaanza kung'aa. Mungu wangu, iling'aa! Madirisha yote yalikuwa chini ya miguu yangu. Nikaenda kufunga tai. Tai ilinisumbua, mafundo matatu. Niliporudi nikakumbuka kwamba sikufunga bomba.

Hata hivyo mambo yalikuwa mazuri. Maji tu, yametulia, yamelala kwenye mifereji. Nikayasukuma kidogo kwa mguu. Povu dogo. Zuri hata, jeupe, la harusi.

Saa nne wageni wakaingia. Hapo ndipo nilipoelewa neno la Mzee Funguo. Miaka hamsini ya sabuni imo ndani ya saruji ile, na kwenye mifereji imeganda kama ugali. Kila mguu ulioingia ulikoroga. Watu mia na ishirini, miguu mia mbili na arobaini! Povu likafika kwenye visigino. Likafika kwenye vifundo. Likaanza kupanda miguu ya viti, na viti vikaanza kutembea vyenyewe. Msajili wa ndoa alikuwa mbele na kitabu chake kakishikilia juu ya kichwa. Wageni wa upande wa bwana harusi wameshikana mikono kama wanavuka mto. Shangazi Faili akaja akinijia mimi, kidole mbele, akapiga hatua mbili za hasira, na ya tatu hakuipiga yeye, ilimpiga. Akakaa. Akateleza amekaa vile vile, wima, kwa adabu, mpaka miguuni kwa bwana harusi. Faili lilikwenda njia yake.

Ukurasa wa tisa nimeuona ukipita.

Mpwa wangu alikuwa mlangoni tayari, gauni kalikunja mikononi. Akanitafuta kwa macho. Akaniita Mjomba, neno moja tu. Nilitaka povu linifunike.

Ndipo Dada alipovua viatu.

Nimemjua Dada miaka hamsini na sijawahi kumwona kazini. Leo nimemwona. Alivipanga viatu vyake juu ya kiti, akafunga gauni magotini, akapaza sauti moja, sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mashine. Chumvi! Leteni chumvi! Kwenye viti nyuma kulikuwa na kina mama sita, wenzake wa ufungashaji, wamevaa wamependeza, na wote sita wakasimama kwa pamoja kabla sentensi haijaisha. Viatu chini. Mikoba kwa waume. Wawili wakaenda kwa mpishi wakarudi na gunia zima, mpishi nyuma yao anapiga kelele. Wakapanga mstari kutoka ukuta hadi ukuta, wanamwaga chumvi kwa kiganja, wanasukuma kwa mbao za meza, hatua kwa hatua, Dada anahesabu. Na povu likafa! Likaanguka lenyewe, likawa maji tu, likaingia mferejini. Nikamuuliza mama mmoja kulikoni. Akaniambia bila kunitazama kwamba sabuni na chumvi hazipatani, kila mtu wa kiwanda anajua, na nimpishe.

Dakika ishirini. Wageni wakapiga makofi. Mzee Funguo, aliyerudi na maua, alisimama mlangoni akaangalia sakafu, akaangalia mpira wa maji, akaniangalia mimi. Hakusema kitu. Namshukuru kwa hilo kuliko kwa spana.

Ndoa ikafungwa. Sakafu ilikuwa inang'aa kama kioo, naomba hilo nalo liandikwe.

Nilipiga picha kama mwendawazimu. Povu, kina mama, viatu vilivyopangwa, machozi ya mpwa, yote. Binti Kamera alinikera siku nzima. Nikienda kulia, yuko nyuma yangu. Nikipiga magoti, naye kapiga magoti nyuma yangu. Mara mbili niligeuka nikamkuta karibu aniegemee. Nikamwambia mwanangu, ukumbi huu ni mkubwa, tafuta pako. Akasema samahani Mjomba, akabaki pale pale.

Ilibaki picha moja kwenye mkanda. Namba thelathini na sita, nilikuwa nimeitunza. Lakini keki ilikuwa juu ya mizani. Kilo kumi na tisa, mshale unaonyesha. Nikajikaza niende kwa Shangazi Faili nimpigie magoti kabisa. Sikufika. Yeye mwenyewe, gauni limelowa nyuma, faili hana, alikuwa anaibeba keki na bwana harusi kuipeleka mezani. Akapita karibu nami akasema, pale ni pa mama mtu, apande.

Dada akapanda na bintiye na mkwewe. Nyuma yao ukuta na ile namba ya kijani. Nikapiga. Klik. Thelathini na sita.

Halafu Dada akawashusha maharusi, akanionyesha mkono. Niende. Nikamwambia mimi ni mpiga picha, nani atapiga? Akasema njoo wewe. Nikaenda. Nikapanda. Tulisimama pale mimi na yeye, peku yeye, mimi soksi zimelowa, na Mzee Funguo akasoma kwa sauti ile ile ya zamani, ukumbi mzima ukasikia: mia na sitini na moja!

Dada akaangalia namba ya ukutani. Akasema loo, mdogo wangu, shemeji yako alikuwa mwepesi. Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akanishikilia, na kucheka kukageuka, akanilalia begani pale juu ya mizani na mimi nikamshika. Sijui ni muda gani. Mshale ulikuwa unatetemeka.

Mzee Funguo alikuwa na kopo la rangi tayari. DADA + MDOGO WAKE, 161. Na wale kina mama, kumbe walikuja na sabuni mikobani. Miche kumi na sita na kipande.

Chakula hakikuwa na chumvi hata punje. Wote walikila wakakisifu, na mimi namshukuru kila aliyemeza.


Jumapili, tarehe 11 Agosti

Mwili wote unauma. Nimeoga mara mbili kwa sabuni ya mizani, Dada alinipa miche minane, nusu yangu kamili.

Mpishi hataki salamu yangu. Shangazi Faili ameniletea salamu kupitia kwa mpwa wangu: faili limekauka, na ametia ukurasa mpya mwishoni wenye maelezo ya sakafu. Mpwa wangu aliposema hivyo alicheka sana, akaniambia Mjomba, harusi za rafiki zangu zote nimezisahau, yangu hakuna atakayeisahau. Nimelichukua kama pongezi. Nadhani ni pongezi.

Kamera iko mezani. Haijafunguliwa. Naiangalia tu.


Jumanne, tarehe 13 Agosti

Jana mizani imeng'olewa. Mzee Funguo amesema ilichukua watu wanane na matusi mengi. Ukuta wameuacha.

Leo Dada amenipigia simu niende. Nikamkuta na bahasha. Picha, ameziletewa na Binti Kamera asubuhi. Ameniketisha, akanimiminia chai, akaanza kunipa moja moja.

Zote zilikuwa zangu! Yaani nilichopiga mimi. Povu kutoka pembe niliyosimama mimi. Kina mama sita na mbao, kutoka chini, pale nilipopiga magoti. Viatu juu ya kiti. Dada na maharusi juu ya mizani, kama nilivyowaweka mimi, namba ya kijani inasomeka. Na katika kila picha, pembeni kwa chini, kitu cha mviringo kinang'aa. Nilidhani ni doa la kioo. Ni upara wangu.

Nikachukia. Nikasema binti huyu mwizi, kanifuata siku nzima anaiba jicho langu! Dada akaniacha nimalize. Kisha akasema ni yeye aliyemtuma. Jumatano ile, kwenye matangi. Alimwambia hivi: kaka yangu anajua picha iko wapi, hilo anajua tangu utoto, ila usimwamini na mkanda. Popote atakapoelekeza kamera, wewe simama nyuma yake upige.

Akanipa ya mwisho. Ile ya mimi na yeye juu ya mizani, amenilalia, wote wawili macho tumefumba, mshale umefifia kwa kutetemeka. Hii haina upara pembeni, upara uko katikati. Ya kwake keshaitundika, chini ya shemeji. Utafikiri shemeji amekunja uso anasoma kilo.

Nililia, na safari hii sikutaja kitunguu. Nilimshukuru. Kwa kunilea, kwa kamera, kwa kunyamaza miaka thelathini na moja, kwa kunijua hivi. Akasema kunywa chai, inapoa.

Nimerudi nyumbani na picha yangu. Nimeiegemeza dirishani, naandika mbele yake. Jua la saa nane linaipiga vizuri. Mimi ni mtu wa shukrani, na Binti Kamera simwondolei sifa yake. Lakini tuseme haki: picha zake zina upara. Zangu hazina. Kesho nazipeleka studio, zikitoka Dada ataamua mwenyewe zipi za ukutani.

Jambo dogo tu. Nilikuwa nazungusha mkanda urudi kwenye kopo lake, na ule mlio haukunipendeza. Ulikuwa mwepesi. Kama kitu hakikushika. Sasa mtu unaendaje studio bila uhakika, ukajiaibishe mbele ya watu? Na kiapo kilikuwa cha harusini, nikimaliza kupiga. Hapa si harusini.

Nimefungua kidogo, upana wa kidole tu. Mkanda upo.